Kibao cha Karakana

Kwa miezi saba wanawake wa Oldonyo Sambu walijitolea kubeba mawe na kuchanganya zege, wajenge karakana yao ya shanga. Namelok ndiye aliyewahamasisha.

Siku ya ufunguzi, shemeji yake, waliyemwamini ashughulikie hati za kiwanja, alivuta kitambaa kilichofunika kibao. Wageni wakapiga makofi. Namelok alisoma, akasoma tena. "Mali binafsi," kisha jina la shemeji peke yake.

"Shemeji, kikundi kiko wapi hapo?"

"Nitawaajiri wote, usijali," alinong'ona, huku akitabasamu kupigwa picha.

Saruji ilikuwa bado imeganda kwenye kucha za Namelok. Aliwageukia wenzake, waliopangwa nyuma ya hema la wageni. Kibao hawakukiona, walikuwa bado wanaimba.

"Mama zangu, nyamazeni kidogo," alisema. "Niwasomee."