Mstari wa Chaki

Mama aliinua brashi kama kila jioni, akung'ute chaki kwenye sare ya binti yake. Nyumba ya fundi cherehani haikosi chaki.

Mkono ukasita. Mstari mweupe ulizunguka kola yote, kama ule anaouchora yeye anapotaka kupitisha mkasi. Chini yake palikuwa pameandikwa: Kesho.

"Nani kakuchora hivi?"

"Wale wale wanaonisumbua darasani," binti alisema. "Jumatatu walichora begani. Jana tumboni. Leo wamenionyesha na kisu."

Mama aliweka brashi kando. Akaitandaza sare ndani ya boksi bila kuikunja, chaki isifutike, kisha akapiga simu.

"Mwalimu mkuu, kesho mwanangu haji. Nakuja mimi na sare yake, na kabla ya kufika kwako napitia polisi."

Alikata simu. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mwanangu, siku zote hizo mbona hukuniambia?"

Binti aliitazama ile brashi.

"Nilikuwa nakuwekea sare mezani uone, mama. Ukawa unafuta, huku unaimba."