Sarafu ya Kofia ya Harusi

Jalal alikata uzi kwa wembe, akaichomoa sarafu kwenye kofia ya harusi ya mama yake. Mama mwenyewe, Hajja Sabiha, alikuwa uani na binti yake Inam, wakiviringisha wali kwenye majani ya mzabibu. Lo, Jalal, mtu mzima na mvi zake!

Hapa kwetu Khalili, mji wa Hebroni, kofia ile iliyoshonewa sarafu ni mali ya mwanamke. Mume haigusi hata njaa iingie nyumbani, na mwisho wake humwendea binti. Jalal aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini maisha yake yote amekusanya sarafu za Palestina ya enzi za Waingereza, na kabati lake lilikosa moja tu: mili ishirini ya mwaka 1934. Ndiyo hiyo ya kofia; ilitoka kiwandani na tundu lake katikati, kwa hiyo sindano haikuiharibu. Ameiomba kwa mama mpaka amechoka.

"Nikifa utamwomba Inam," mama humjibu.

"Thubutu!" Inam huangua kicheko. "Kaka, anza kununua zawadi mapema."

Jalal alishona sarafu nyingine mahali pa ile, akapanda gari mpaka Bethlehemu kwa Abu Raghib, muuza sarafu. Mzee aliitazama kwa lenzi, akaisukuma kando.

"Bandia, ndugu yangu. Tena ya juzijuzi tu. Nani kakupiga?"

Jalal alirudi damu inamchemka. Akawakuta wanakunywa chai.

"Mama, umeibiwa! Ile ya thelathini na nne kwenye kofia yako ni bandia!" Akamgeukia dada yake. "Inam, umemuuzia nani? Huna haya?"

"Mimi?" Inam alisimama. "Wallahi sijaigusa!"

Hajja Sabiha aliweka glasi chini polepole.

"Umejuaje, mwanangu?"

Jalal aliifumbata ile bandia mfukoni.

Mama alimtazama Jalal, macho yake mwenyewe yakilengwa na machozi. Kisha akatia mkono kifuani, akatoa leso, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na sarafu yenye tundu, ya mwaka 1934, imechakaa kwa vidole vya bibi zake. Akaichukua, akaifumbatisha kiganjani mwa Inam.

"Nisamehe, binti yangu," alisema. "Nilikuibia, nikashona bandia mahali pake, nimpe huyu siku ya Idi."