Mteja wa Mwisho

Duka dogo likifungwa siku hizi, mteja wake wa mwisho ndiye anayelivunja. Ndiyo sheria. Kwa hiyo watu waliacha kuingia kwangu, mimi ninayeuza pampu na mipira ya maji ya kupozea kompyuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Mdogo wangu Mwanahawa akaja. Kompyuta anayochorea mitindo ya nguo ilikuwa inachemka.

"Kaka, nipe pampu moja tu."

"Nenda kwenye maduka makubwa."

"Kule wanauza mashine nzima. Nitapata wapi hela?"

Nikamuuzia, nikiamini mwingine atakuja baada yake. Hakuja mtu, na duka likafungwa.

Leo asubuhi askari wa soko wamemburuta Mwanahawa hadi dukani, wakampa nyundo. Akaigonga rafu kama anayebisha hodi. Wakamtandika rungu mgongoni. Nilipowarukia, wakanibamiza ukutani, jino likang'oka.

"Piga, Mwanahawa," nikamwambia. "Piga yaishe."

Akapiga. Vioo vikapasuka, maji ya buluu ya kupozea yakanifika miguuni. Mwanzoni alikuwa analia. Alipofika kwenye kaunta aliyochonga baba yetu, alikuwa halii tena. Askari walisema inatosha. Hakuacha.

Jioni tumekula wali kwake. Pampu niliyomuuzia inanguruma taratibu pale pembeni.

"Hii ikifa," ameniuliza, "nitanunua wapi nyingine?"

Nyundo wamemwachia. Iko mezani, kando ya sahani yangu, na bado ameushika mpini.