Asali ya Tembo

Tembo lilianza kuchacha kwa sababu mgema Shebwana hakuosha kibuyu. Watoto wake walipokwenda kuokota kuni, alimimina sukari ya dukani kwenye chungu cha tembo ili kurudisha utamu, kisha akaficha mfuko mtupu ndani ya shati lake lililotundikwa ukutani.

Walilichemsha tembo pamoja hadi likawa asali nzito, kama kila mwaka tangu enzi za babu yao. Mwanakheri, mdogo wao, ndiye huonja kwanza. Akalamba mwiko.

"Baba, hii inaishinda ya babu!"

"Wee, usimsifu," kaka yake akacheka. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Maji sikutia," alisema Shebwana. Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomwinamisha uso.

Mwanakheri hakuwa akisikiliza tena. Kidole chake kilifuata msafara wa sisimizi waliopanda ukuta, kuelekea kwenye shati.