Kilio cha Perpetua

Kwa sheria ya siku hizo, gari likikaribia mafundi wa barabara, dereva alisikia humo ndani sauti iliyorekodiwa ya mtu wa nyumbani kwa mmoja wa mafundi hao. Lubeleje aliziba mashimo kwenye barabara kuu huku malori yakimpita ubavuni, na aliyemsemea ni mkewe, Perpetua: "Huyo ni mume wangu, dereva. Punguza mwendo."

Mwanzoni madereva walipunguza. Baadaye wakaizoea sauti, hadi lori likamvunja mguu mwenzake Lubeleje. Msimamizi akampigia Perpetua simu.

"Rekodi upya, dada. Safari hii ulie."

Perpetua akawa anajifunza kulia jikoni, huku akikoroga uji wa mtoto. Kilio cha kwanza kilikataliwa, eti hakitishi. Akajaribu tena, akimwaza mumewe amelala kwenye lami, amefunikwa kanga. Hicho kikakubaliwa. Magari yakaanza kutambaa, na Lubeleje akarudi nyumbani akicheka.

"Mama Eliza, leo hata mabasi yamenyamaza!"

Perpetua alifurahi, ila ile picha ya kwenye lami haikumtoka. Jioni moja alikuwa akimenya viazi, mara machozi yakamshuka na kwikwi ikambana. Lubeleje aliinua uso kutoka kwenye sahani, akamtazama, akatabasamu.

"Hiyo kali kuliko ile," alisema. "Ungeirekodi hiyo."

Akaendelea kula. Perpetua alitaka kumwambia kwamba hafanyi mazoezi, lakini kila alipofungua mdomo kilitoka kilio kile kile, ambacho madereva walikuwa wameshaanza kukizoea.