Gia ya Tatu

Mama mwenye gari jekundu alipenda kujisifu kwamba hakuna fundi aliyewahi kumdanganya. Ukimtoa wa kwanza. Na wa pili, maana kweli haifichwi. Wa tatu hakumdanganya. Huyo alimkimbia tu, kazi ikiwa nusu.

Leo alikuja wa nne. Aliingia sebuleni nyuma ya mwana wa mama huyo, kifungua mimba wake, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa. Watu walimwita Spana Moja. Ovaroli lake lilikuwa bado na mikunjo ya pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu chai."

Vikombe vilikuwa tayari juu ya kimeza kifupi kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Kifungua mimba alitaka kukisogeza karibu na mgeni. Hakikusogea. Alikisukuma kwa mguu, akaumia kidole.

"Meza gani hii, mama? Umefunika jiwe?"

"Ungekuwa unakuja kunitazama ungeijua. Kaa unywe."

Gari hilo aliliacha marehemu mumewe: milango miwili, la chini hivi kwamba ukikaa ndani unahisi lami inakukuna. Injini ya simba, giaboksi ya kuku. Ukilikanyaga kwa hasira, gia zinasagana kama meno ya mwenye homa. Mzee alilipenda hivyo hivyo. Na kila Jumamosi mjane wake alilifuta vumbi, akakaa kiti cha abiria nusu saa, kisha akarudi jikoni kwake.

Sasa mwanawe alikuwa na mnunuzi. Wakaafikiana: rafiki yake fundi alipime. Akisema giaboksi imekufa, mama atatia sahihi, gari liende. Akisema inafaa, asiwepo wa kulitaja tena. Juzi mwanawe alikuja na vijana, wakalisukuma hadi kwenye lori, wakaondoka nalo.

"Haya," alisema mama, "nipe habari za mgonjwa."

Spana Moja alikohoa kidogo. "Magari ya mbio ndivyo yalivyo, mama. Injini inasukuma kuliko giaboksi inavyoweza kubeba. Nimeifungua mwenyewe. Gia ya tatu imekatika meno."

"Mangapi?"

"Eeh?"

"Meno."

Fundi alimtazama rafiki yake.

"Manne," alijibu kifungua mimba.

"Manne tu? Mimi nimepoteza kumi na bado natafuna."

Mama alikuwa akitazama kucha za fundi. Zilikuwa safi kama za karani wa posta.

"Na kabla ya kuifungua, mlilijaribu barabarani?"

"Jana asubuhi," alisema fundi, na sauti yake ikapata nguvu. "Mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Ya kwanza inaingia, ya pili inaingia. Ya tatu, mama, inalia kama mbuzi aliyefungiwa nje."

"Na wewe ulikuwepo, baba?"

"Nilikaa naye mbele," alisema mwanawe. "Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Mama aliyatazama hayo masikio. Yalikuwa ya marehemu, mapana, na ncha zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Aliyatazama mpaka mwenyewe akajikuna.

"Basi hakuna dawa?"

"Hakuna," walisema wote wawili, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja.

Karatasi ilitoka mfukoni imekunjwa mara nne. Kifungua mimba akainyoosha gotini, akampa mama kalamu. "Hapa chini tu, mama. Mtu anasubiri."

"Na mimi nitaandikia wapi, hewani? Ondoa vikombe. Na kitambaa pia, kisije kikaingia wino, nimekifuma kwa macho haya mabovu."

Mwanawe aliviondoa vikombe kimoja kimoja, akavipanga sakafuni. Kisha akavuta kitambaa.

Chini yake hapakuwa na meza. Palikuwa na giaboksi, nyeusi kwa mafuta ya zamani, imelala juu ya magazeti. Ubavuni, kwa rangi nyeupe na mwandiko wa yule fundi wa tatu, ilikuwa imeandikwa namba ya gari jekundu, na tarehe ya mwezi uliopita.

Mama alifungua kalamu.

"Hebu rudia hapo, fundi," alisema. "Ililia kama nini vile?"