Mwanamume wa Kando ya Barabara

Fatma alimwona mumewe mbele, akaivuta barakoa juu zaidi.

Hemed alikuwa amesimama kando ya Barabara ya King, nje ya duka la kebabu, pamoja na Ubaid wa msikitini na wanaume wengine wawili wa kwao Tanga, wahamiaji kama wao. Asubuhi alikuwa ameaga kwamba anakwenda Cabramatta kununua mihogo na samaki. Fatma naye aliaga kwamba ana zamu ya kutunza wazee, kule Westmead. Kumbe wote wawili safari yao ilikuwa mtaa huu wa Newtown.

Fatma alikuwa katikati ya barabara, ndani ya maandamano, barakoa usoni, kizibao cha rangi ya machungwa kifuani. Maandamano yenyewe hayakuwa na mfadhili wala jukwaa. Mabango watu walijichorea majumbani, ngoma ziliazimwa, na ndiyo kwanza wanatoka tangu korona iwafungie ndani. Wanawake wapendanao walitembea wameshikana mikono; waliobadili jinsia walikuwamo, na wengine wakisukuma watoto kwenye vigari. Fatma alijitolea kuchunga upande wa kushoto wa msafara, watu wasisumbuliwe. Nyuma, kwenye ngoma, alikuwepo Nusra, ambaye kwa ajili yake alianza kudanganya nyumbani.

"Watazameni!" Ubaid alipaza sauti kwa Kiswahili, simu juu, akipiga video. "Haya hawana hata chembe. Na nasikia humu wamo mpaka dada zetu. Leo nawarusha kwenye kundi, Tanga nzima iwaone!"

Wenziwe wakacheka. Hemed naye akacheka, macho kwenye simu yake.

Fatma alikijua kicheko kile. Ndicho alichowachekea wajomba siku ya harusi, ndicho anachomchekea Ubaid kila Ijumaa baada ya sala. Mwanamume asiye na neno lake mwenyewe! Miaka yote ya ndoa amemwona akiitikia tu: asemalo mjomba, asemalo imamu, asemalo mwenye sauti kubwa. Mkewe akirudi usiku wa manane, yeye hugeukia ukutani, akalala. Hata kumwogopa, Fatma aliona ni kumpa heshima asiyostahili. Nusra alipowahi kumwuliza kwa nini asimweleze mumewe ukweli, alijibu, "Nimweleze nani? Kwangu hamna mtu, Nusra. Mna kanzu tu imetundikwa."

"Hebu yule mwenye kizibao," Ubaid alisema, akinyoosha kidole. "Mwendo ule si mgeni kwangu. Ngoja nimsogelee."

"Tulia, bwana. Nakwenda mimi," Hemed akasema, akashuka barabarani.

Fatma hakukimbia. Kama ni kuumbuliwa, basi na iwe, lakini huyu hataondoka hapa bila kuambiwa yeye ni nani. Maneno ya miaka yote yalimjaa kinywani. Akamkazia macho. Akamwona anatupa jicho nyuma kwa wenziwe, akazidi kumdharau. Hata kumfedhehesha mkewe hajui!

Hemed akasimama mbele yake, mgongo kawapa wenziwe, mabega yameziba simu ya Ubaid.

"Mnatuzibia njia! Hamna adabu!" alinguruma kwa Kiingereza, mpaka wauza kebabu wakachungulia.

Kisha akashusha sauti, akasema kwa Kiswahili:

"Usigeuke. Ingia uchochoro huo wa mbele, uvue kizibao. Nusra nimeshamtumia ujumbe, anakungoja huko. Mimi nitawaambia si wewe, Fatma, kama ninavyowaambia siku zote."